Mtoto akiuliza "Umejuaje?" usimkaripie

Mzazi mwenzangu, kuna swali la watoto linalotukera wengi: "Umejuaje?" Jibu letu la haraka huwa, "Nimeshakwambia, basi!" Wiki hii tuwape jibu bora, kwa habari ya mawimbi ya uvutano.

Mwaka 1916 Albert Einstein alieleza kuwa vitu vizito sana vikizungukana kwa kasi, hutikisa nafasi yenyewe, yaani ule uwazi ambamo nyota, Dunia na sisi tumo. Mtikisiko huo husambaa kama viwimbi vya bwawa lililotupiwa jiwe. Ukipita, kila kitu hurefuka na kufupika kidogo mno. Hakuna anayehisi.

Sasa kisichohisika kitapimwaje? Huko Marekani, wanasayansi wa LIGO walijenga mitambo miwili yenye umbo la herufi L, kila mkono kilomita 4. Mwale wa leza hugawanywa, kila nusu hupita mkono wake, hugonga kioo na kurudi. Wimbi likipita, mkono mmoja hurefuka, mwingine hufupika, na miale hairudi sawia. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuliko hata kiini cha atomu.

Lakini hata lori likipita jirani, vioo hutikisika. Ndiyo maana mtambo mmoja uko Hanford na wa pili Livingston, umbali wa takribani kilomita 3,000. Lori la Hanford halifiki Livingston.

Tarehe 14 Septemba 2015 yote miwili ilinasa mtikisiko uleule, ikipishana kwa chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Ulitokana na mashimo meusi mawili yaliyogongana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita.

Hawakukimbilia kutangaza. Walihakiki kwa miezi, wakatangaza Februari 2016. Mwaka 2017 Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Sisi je? Ujumbe ukiingia kwenye simu kwamba shule zinafungwa kesho, au kuna dawa inayotibu kila ugonjwa, tunausambaza kabla ya kuumaliza. Watoto wanatuona. Basi leo mtoto akikuuliza "Umejuaje?" mwonyeshe ulikoipata habari, kisha mtafute pamoja shahidi wa pili asiyetegemea yule wa kwanza. Msipompata, mwambie, "Bado hatujajua, mwanangu," na ujumbe huo usiutume kwa mtu.