Turubai Halikaushi Hema
Ninapinga vikali mazoea ya kukunja hema likiwa limelowa, kulifunika kwa turubai la plastiki, kisha kujidai kwamba limehifadhiwa. Hapa Kampala, magari ya kukodisha yenye hema la kukunjwa juu ya paa hurudi kutoka mbugani yakichuruzika maji, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Plastiki huzuia mvua isiingie, lakini pia huzuia unyevu usitoke. Humo ndani kuvu huota, kitambaa cha pamba huoza na godoro hunuka. Safari ifuatayo, mgeni hulala akivuta hewa hiyo, na lawama humwangukia kijana anayeosha magari, ilhali aliyeamuru lifunikwe haraka ni tajiri wake.

Wapo watakaosema hawana muda wa kuanika. Je, fedha za kununua hema jipya wanazo? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hema lifunguliwe, likauke kabisa hadi kwenye mishono, ndipo likunjwe na kufunikwa kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Anayeanza kwa kufunika hahifadhi mali, anaficha hasara.