Barua za Nani? Suala la Msimulizi katika Filamu ya Glory

Filamu ya Glory, iliyoongozwa na Edward Zwick mwaka 1989, imezoeleka kusifiwa kuwa ndiyo iliyowarudishia wanajeshi Weusi wa Marekani nafasi yao katika historia. Sifa hiyo tunaikanusha. Filamu hii iliwarudishia migongo, mabega na damu yao. Sauti zao iliziacha zilipokuwa.

Kisa chenyewe kinajulikana. Mwaka 1863, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, jimbo la Massachusetts liliunda Rejimenti ya 54, askari wake wakiwa Weusi na kamanda wake akiwa Kanali Robert Gould Shaw, kijana Mzungu wa ukoo tajiri wa Boston. Tarehe 18 Julai mwaka huo rejimenti ilishambulia ngome ya Wagner huko South Carolina; Shaw na askari wake wengi wakafia hapo. Filamu inafunguka kwa sauti ya Shaw akimwandikia mama yake, na barua hizo ndizo zinazomwongoza mtazamaji kambini na vitani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akihakiki riwaya tunamtaka aulize kwanza: nani anasimulia? Sijui kwa nini swali hilo hilo tunaliacha mlangoni mwa sinema.

Watetezi wa filamu hudai kwamba mtunzi hutumia nyaraka zilizopo, na zilizopo ni barua za Shaw. Hoja hii haina mashiko. Katika rejimenti hiyo hiyo alikuwamo Koplo James Henry Gooding, aliyekuwa akiliandikia mfululizo gazeti la New Bedford Mercury. Alikuwamo katika shambulio la Wagner, akaliandika. Mnamo Septemba 1863 alimwandikia Rais Lincoln mwenyewe kudai mshahara wa haki. Ni kweli kwamba barua zake za gazetini zilikusanywa kitabuni mwaka 1991, miaka miwili baada ya filamu kutoka. Hata hivyo, gazeti lilikuwapo tangu vita vyenyewe. Anayetafuta barua za kanali huzipata. Anayetafuta za koplo naye angezipata, lau angetafuta.

Badala ya Gooding tunapewa wahusika wa kubuni: Trip, mtumwa mtoro, Rawlins, mchimba makaburi, Sharts, mshamba mwenye kigugumizi, na Searles, mtu huru aliyesoma. Utangulizi wa jibu letu ni huyu Searles. Yeye pekee ndiye anayekaribiana na askari wa rejimenti halisi, ambao wengi wao walikuwa waungwana wa majimbo ya Kaskazini. Lakini ndiye aliyesawiriwa kuwa dhaifu, anayeangushwa chini na sajini wa mafunzo mbele ya wenzake. Wana wawili wa Frederick Douglass, Lewis na Charles, walijiandikisha katika Rejimenti ya 54, na Lewis alikuwa Sajini Meja. Filamuni hawaonekani kabisa. Baba yao anapita kidogo karamuni, mvi zimemjaa kama babu, ilhali mwaka huo alikuwa na umri wa miaka 45 hivi.

Tutaambiwa kuwa filamu si historia, na kwamba msanii ana uhuru wa kubuni. Uhuru huo hatuupingi. Tunachouliza ni kwa nini ubunifu ukaelekea upande mmoja tu. Mtumwa huweza kusawiriwa akipewa utu na mwingine, na hapo kanali anapata dhima ya mkombozi. Mwungwana huja na utu wake mkononi akidai haki aliyoahidiwa, na mkombozi hana kazi tena. Uteuzi wa wahusika hapa ni suala la itikadi.

Tukio la mishahara linathibitisha. Askari Mzungu alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi dola 10, ambazo zilikatwa 3 za mavazi. Filamuni Trip anaanza kuwahimiza wenzake wararue hati zao za malipo, ghasia zinazuka, Shaw anafyatua bastola hewani, kisha naye anararua hati yake. Askari wanashangilia. Mgogoro umekwisha kwa dakika chache, na kilele chake ni ukarimu wa kanali. Askari halisi waliukataa mshahara huo kwa muda wa takriban mwaka mmoja na nusu, huku wake na watoto wao wakitaabika nyumbani. Jimbo la Massachusetts lilipojitolea kuwafidia tofauti hiyo, walikataa pia, maana waliyemdai ni serikali ya Marekani na walichodai ni kuhesabiwa askari kama askari wengine. Fedha bila cheo hicho hawakuzitaka. Katika vita vile vyote sioni tamthilia kubwa kuliko hii, nayo imekatwa.

Wapo watakaotuonyesha Trip akichapwa viboko, mgongo wenye makovu ya zamani, chozi moja likimtiririka. Uigizaji wa Denzel Washington ulimpatia tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi, na kwa haki. Nami hunigusa kila nitazamapo. Lakini adhabu ya viboko ilikuwa imepigwa marufuku katika jeshi hilo tangu 1861. Tukio limebuniwa, tena kwa ustadi, ili askari aliyevaa sare arudishwe utumwani kwa muda, nasi tumtazame Shaw akiteseka kwa kumtazama. Na hata neno lile la tuzo, msaidizi, linasema kweli kuhusu muundo mzima.

Filamu inafungwa shimoni, maiti ya Trip ikilala ubavuni mwa maiti ya Shaw. Mgomo wa mishahara ndio kwanza ulikuwa ukianza. Sajini William Carney, aliyeiokoa bendera ya rejimenti hapo Wagner akiwa na majeraha, aliishi hadi 1908. Nishani yake alikabidhiwa mwaka 1900. Bunge liliidhinisha malipo sawa Juni 1864. Gooding wakati huo alikuwa mfungwa wa Kusini, baada ya kutekwa katika mapigano ya Olustee, Florida. Alifia kambini Andersonville mwezi uliofuata, kabla wenzake hawajalipwa.