Zimwi la kitabuni lililomtoa mwanangu woga wa giza

Wazazi wenzangu, leo naanza kwa kukiri kosa.

Siku moja umeme ulikatika hapa kwetu Kihonda, Morogoro, saa mbili usiku. Sufuria iko jikoni, simu haina chaji, na mwanangu wa miaka minne kila nikigeuka anafungua mlango. Nikasema lile neno ambalo wengi wetu tunalisema: "Ukitoka nje, zimwi litakubeba!" Mlango ukafungwa papo hapo. Nikajiona mama hodari.

Mwezi Juni tukapanda kwenda kumsalimia bibi yake Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru. Wanaoijua Mgeta wanajua baridi ya Juni, ukungu unashuka mpaka mlangoni. Choo kiko nje, nyuma ya matuta ya kabichi. Usiku wa kwanza mtoto akakojoa kitandani. Usiku wa pili hivyo hivyo. Asubuhi ya siku ya tatu nikampandishia sauti: mtoto mkubwa wewe, huoni aibu?

Bibi yake akanizuia kwa mkono. Akamkalisha mapajani, akamuuliza: "Mume wangu, kwa nini hukuniamsha twende wote?"

Mtoto akajibu kwa sauti ndogo: "Nje kuna zimwi. Mama alisema."

Bibi alinitazama, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, na sisi tulikua na mazimwi. Lakini sisi hadithi tulimaliziwa."

Neno hilo sijalisahau. Mnakumbuka hadithi ya msichana aliyekamatwa na zimwi, likamtia ndani ya ngoma na kumzungusha vijijini aimbe? Wengi wetu tuliisikia. Inatisha kweli. Lakini mwisho wake ni nini? Msichana anaimba, watu wa kwao wanaitambua sauti yake, wanamtoa ngomani, zimwi linaumbuka. Mtoto anarudi kwao, na msikilizaji naye analala akiwa ameshinda. Sisi wazazi wa leo tumelibakiza zimwi, mwisho wake tumeutupa. Tunamkabidhi mtoto hofu nzima, kisha tunazima taa na kumwambia lala.

Tuliporudi mjini nilikuwa natafuta dawa ya kosa langu. Nikaipata kwa muuza vitabu vya mitumba, aliyetandika bidhaa zake chini. Kati ya vitabu vya hesabu na majarida ya zamani kulikuwa na kitabu kinene cha watoto, cha zile picha zinazoinuka na kusimama ukifunua ukurasa. Ukurasa wa kwanza likachomoka zimwi la kijani, macho kama machungwa, limeshika keki. Jino moja lilikuwa limechanika. Nikalipa shilingi 3,000, nyumbani nikaligundisha jino.

Vitabu vya namna hii si vipya duniani. Karne ya 19 mchoraji Lothar Meggendorfer wa Munich, Ujerumani, alitengeneza vitabu vya picha zinazocheza ukivuta kipande cha karatasi. Mwaka 1979 Jan Pieńkowski, mzaliwa wa Poland aliyeishi Uingereza, akatoa Haunted House, kitabu cha nyumba iliyojaa viumbe wanaochomoza kila ukigusa. Kilipata nishani iliyoitwa wakati huo Kate Greenaway, ambayo Waingereza huwapa wachoraji wa vitabu vya watoto. Naye Maurice Sendak wa Marekani, mwaka 1963, katika kitabu ambacho picha zake haziinuki, alimwandika mtoto anayekwenda kwenye nchi ya mazimwi, anakuwa mfalme wao, kisha anarudi chumbani kwake na kukuta chakula chake cha jioni bado cha moto. Umeona? Ni kama ile ya bibi zetu: mtoto anarudi nyumbani.

Siku ya kwanza mwanangu alipoliona zimwi linachomoka, alikimbilia nyuma ya kochi. Sikumlazimisha. Nilikifunga kitabu nikakiweka mezani. Baada ya muda akaja mwenyewe, akafunua kidogo, akachungulia, akafunga pwaa! Akacheka. Akafunua tena. Nadhani alifunga na kufunua mara ishirini jioni ile.

Hapo ndipo nilipoelewa uzuri wa vitabu hivi. Zimwi la gizani hutokea lenyewe, mtoto hana la kufanya. Zimwi la kitabuni haliinuki mpaka mtoto afunue, na akifunga linalala. Mkono wake mdogo ndio wenye amri.

Maneno ya kitabu yalikuwa ya Kiingereza, nami sikuhangaika nayo. Nilisimulia kwa Kiswahili chetu. Zimwi letu linakaa mlima ule tunaouona dirishani, linakula njegere za Mgeta, na linaogopa kuoga maji ya baridi. Mzazi, usiseme hujui kusoma hadithi. Picha ipo, mdomo unao. Muulize mtoto: hili linaitwa nani? Leo limekula? Kwa nini limenuna? Utashangaa atakavyokueleza mambo ya kwake mwenyewe kupitia zimwi.

Kama kitabu cha namna hiyo hukipati, tengeneza. Unahitaji karatasi ya manila, mkasi, gundi na penseli za rangi. Kunja karatasi katikati. Upande wa mkunjo, katikati yake, kata mstari mmoja ulionyooka kuelekea ndani, urefu wa vidole vitatu vilivyolazwa. Kunja ncha mbili za pale ulipokata ziwe pembetatu mbili, kisha zirudishe. Sasa fungua karatasi, zisukume pembetatu hizo zielekee ndani, halafu funga na kubana. Ukifungua tena utaona mdomo unaopanuka na kufumba. Mtoto achore macho, masikio na pembe. Meno ayaweke mangapi anayotaka. Gundisha karatasi nyingine kwa nyuma ikawe jalada, ila usipake gundi kwenye mdomo. Mkasi shika wewe, kuchora mwachie yeye.

Jambo moja lazima tulizungumze bila mzaha. Mtoto mdogo bado hatofautishi vizuri cha kweli na cha kubuni, na kwa umri huo kuogopa giza ni kawaida. Lakini wakati mwingine "zimwi" ni jina analompa mtu. Mtoto akikwambia anaogopa zimwi, usicheke na usimkaripie. Muulize linakaa wapi, linakuja saa ngapi, linafanana na nani. Akikutajia mahali halisi au mtu halisi, msikilize mpaka mwisho, kisha uchukue hatua. Na hofu ikimnyima usingizi au chakula kwa wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya mkazungumze na mtaalamu. Mtoto uliyemzoesha kunyamazishwa kwa zimwi, siku ya shida ya kweli naye atanyamaza.

Mume wangu mwanzoni aliniambia namdekeza mtoto, na kwamba yeye alikuzwa kwa zimwi na fimbo na hakufa. Nikamuuliza kama alikuwa anakwenda chooni usiku peke yake. Akacheka, akakiri kwamba mpaka darasa la nne alikuwa akimwamsha dada yake. Siku hizi ndiye anayeigiza sauti ya zimwi, na anaiweza kuliko mimi.

Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wakubwa tunalitumia kwa mambo ya ndugu na madeni. Mwanangu amelichukua kama lilivyo: zimwi mkishajuana, halina shida.

Mwezi uliopita tulirudi Mgeta, yeye na kitabu chake kwapani. Usiku, saa nane hivi, nikasikia ananigusa bega. "Mama, mkojo." Tukatoka na tochi. Ukungu umefunika kila kitu, kabichi hazionekani. Karibu na choo akasimama, akanishika mkono kwa nguvu. Nikadhani tumerudi kule kule.

Akaliangalia lile giza, akasema kwa adabu: "Shikamoo, zimwi."

Kimya. Kisha dirishani kwa bibi, sauti nzito ya usingizi ikajibu: "Marahaba, mume wangu. Kojoa ukalale."

Alicheka mpaka chooni. Asubuhi shuka lilikuwa kavu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.