Kalemie: samaki wanaoza ufukweni, sufuria ziko tupu

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, taa za wavuvi hujaa ziwani mbele ya Kalemie. Asubuhi yake ndakala wanafika kwa wingi na bei inashuka. Mvua ikinyesha siku hiyo, hasara imeingia: samaki walioanikwa mchangani hawakauki, wananuka, na jioni wanatupwa. Ni hivyo kila msimu wa mvua. Chumba cha baridi kinataka umeme wa kudumu, na ule wa Bendera hautegemeki.

Si mbali na hapo kuna watu wanaolala njaa. Wamo waliokimbia mapigano ya Watwa na Waluba mwaka 2016 na 2017 na ambao hawajarudi kwao, wamo waliofukuzwa na maji ya ziwa mwaka 2024, na wengine wamefika kutoka Kivu Kusini tangu 2025, mwaka uleule ambao PAM ilipunguza misaada yake Kongo kwa kukosa pesa. Yupo pia mgonjwa asiye na ndugu mjini, maana hospitalini chakula huletwa na familia. Kwa mfungwa ni vilevile.

Kukutanisha ziada na njaa si jambo jipya. Huko Phoenix, Marekani, John van Hengel alianzisha benki ya chakula mwaka 1967. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2016 ya kukataza maduka makubwa kuharibu chakula kinachofaa kuliwa. Nairobi, Food Banking Kenya hukusanya mboga na matunda yaliyokosa soko. Lakini ziada ya Kalemie haiko kwenye maduka makubwa. Iko mikononi mwa mama mchuuzi mwenye deni, na yeye hatupi kwa dharau. Kumwomba atoe bure, tena abebe mwenyewe, ni kumwongezea mzigo.

Vikundi vidogo vya kujitolea, vijana wa parokia au mama wa makanisa, ndivyo vimfuate. Wafike ufukweni kabla ya saa nne asubuhi, wachukue ndakala wabichi waliokosa mnunuzi, waongeze sombe iliyobaki sokoni, wapike siku hiyohiyo. Hapo hakuna mchezo: samaki aliyekwisha kunuka hapewi mtu, hata awe na njaa namna gani. Na kwa kuwa kipindupindu hakijawahi kuupa mji huu mapumziko marefu, maji yatiwe klori.

Viongozi wa mji nao wawaambie watoza kodi wa sokoni wasidai kitu kwa chakula cha kugawa. Linabaki suala la makala, ambalo linaweza kuzima kazi yote hata samaki wakijaa. Wafanyabiashara wanaopeleka magunia ya ndakala Lubumbashi wanaweza kuanzia hapo, kila mmoja gunia moja la makala kwa mwezi.