Pete ya Almasi Isiwe Kitanzi cha Uchumba

Juma lililopita mpwa wangu alinijia barazani, hapa Kona ya Musa, jua likiwa limekwisha kutua. Aliketi mkekani bila kusema neno, nami nikatambua mara moja kwamba ana jambo zito. Mila yetu ya Kidigo tangu zamani humpa mjomba usemi mkubwa juu ya wapwa wake, na kijana akishindwa kumwambia babake humwendea mjomba. Baada ya kikombe cha pili cha kahawa alitoa karatasi ya duka moja la vito, akaniwekea mapajani.

"Mjomba," alisema, "naomba unidhamini mkopo."

Karatasi ilisema pete ya dhahabu yenye almasi ya nusu karati, bei yake shilingi 180,000. Kijana huyu ni mhudumu katika hoteli moja ya Diani na mshahara wake ni shilingi 28,000 kwa mwezi. Yaani pete hiyo ni zaidi ya mishahara yake ya miezi sita, kabla ya riba, kabla ya mahari, na kabla ya sahani moja ya pilau ya harusi. Isitoshe, sisi wa pwani ya kusini twajua mambo ya hoteli. Masika yakiingia wageni hupungua, na wafanyakazi wengi huambiwa wakae nyumbani hadi watakapoitwa. Deni halina masika wala kiangazi.

Sikumjibu usiku ule. Nilihofia kwamba nikisema upesi nitasema kwa uchungu, maana mimi mwenyewe nimekwisha kuungua na moto huo.

Mwaka 1986, nikiwa kijana wa jikoni hotelini, nilinunua pete ufuoni kwa mtu aliyeniapia kwamba jiwe lake limetoka Mwadui, Tanzania. Nilikopa kwa siri, na nikalipa kwa siri muda wa miaka miwili. Mwaka 1990 mke wangu alikuwa mjamzito, vidole vikamvimba, akavuka Likoni na kwenda kwa sonara wa Mji wa Kale, Mombasa, ili pete ipanuliwe. Sonara aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akamwambia kwa heshima kwamba jiwe ni zirkonia na pete yenyewe ni fedha iliyopakwa dhahabu. Mke wangu alirudi nyumbani, akanyamaza. Alinyamaza miaka mingi, mpaka siku binti yetu wa kwanza alipoposwa. Nilipomwuliza kwa nini hakunitukana, alinijibu kwamba jiwe la uongo halikumwumiza. Lililomwumiza ni kujua kwamba ile miaka miwili tuliyokula sima na mchunga bila kitoweo, nilikuwa nalipa deni ambalo sikumwambia.

Kwa sababu hiyo, msomaji, naomba univumilie niseme yaliyo moyoni.

Kwanza, vijana wasidanganywe kwamba pete ya almasi ni amri ya mapenzi iliyoteremka na Adamu na Hawa. Kuenea kwake duniani ni kazi ya matangazo ya biashara. Kampuni ya De Beers, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1888, iliajiri watu wa matangazo Marekani, na mwaka 1947 mwandishi wao, Frances Gerety, akatunga ule usemi kwamba almasi ni ya milele. Miaka ya 1980 matangazo hayo yakawaambia wanaume kwamba mshahara wa miezi miwili si mwingi kwa pete. Nani aliyepanga kipimo hicho? Ni muuzaji mwenyewe! Wazee wetu waliposa kwa kishika uchumba na mahari, na ndoa zao zilidumu bila karatasi ya duka.

Hata hivyo, sisemi almasi ni haramu, wala sisemi ni kitu cha wageni peke yao. Almasi ni kitu cha Afrika Mashariki pia. John Williamson aligundua mgodi wa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Jiwe la waridi la karati 54.5 lililopatikana huko lilizawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947, na baada ya kukatwa likabaki karati 23.6. Anayeitaka almasi, na mfuko wake unaweza, ainunue. Lakini ainunue kwa macho yaliyo wazi.

Ajue kwamba neno karati lina maana mbili. Kwa jiwe, karati ni uzito, nayo ni sehemu ya tano ya gramu. Kwa dhahabu, karati ni usafi. Dhahabu tupu ni karati 24. Ya karati 18 ina dhahabu sehemu 75 katika 100, nayo hugongwa alama ya 750. Ya karati 9 hugongwa 375. Muuzaji akikuambia "hii ni karati kumi na nane," mwulize anasema jiwe au pete.

Almasi hupimwa kwa mambo manne: uzito, rangi, usafi na ukataji. Wengi hukimbilia uzito, na hapo ndipo wanapoliwa. Bei huruka jiwe linapofika nusu karati au karati kamili, lakini jicho halitambui tofauti ya jiwe la karati 0.47 na la 0.50. Rangi huandikwa kwa herufi, kuanzia D isiyo na rangi hadi Z yenye umanjano. Ikiwa pete ni ya dhahabu ya manjano, ya nini kulipia D, ilhali umanjano wa dhahabu utaificha hata rangi ya J? Kuhusu usafi, dosari isiyoonekana ila kwa kioo cha kukuzia si dosari ya kukukosesha usingizi. Lakini ukataji usiudharau. Jiwe lililokatwa vizuri hurudisha mwanga. Lililokatwa vibaya, hata liwe kubwa, huzubaa kama jicho la samaki wa juzi.

Dai cheti cha maabara inayojitegemea, kama ile taasisi ya Marekani iitwayo GIA, iliyoanzishwa mwaka 1931. Namba ya cheti inaweza kuchunguzwa kwa intaneti, na mara nyingi huwa imechorwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe lenyewe. Namba mbili zisipolingana, aga uende zako.

Wala usitegemee ujanja wa mitaani. Watu husema lipulizie pumzi. Ukungu ukiondoka upesi, ni almasi. Jiwe jingine liitwalo moisanaiti, linalotengenezwa viwandani, laweza kuupita mtihani huo, na hudanganya hata kile kipimo cha joto ambacho wauzaji wengi hutumia. Siku hizi pia ziko almasi zilizokuzwa maabarani. Hizo ni almasi kweli, jicho haliwezi kuzitenga na za mgodini, na bei yake imeshuka sana miaka ya karibuni. Anayezinunua kwa bei yake ya haki hakukosea. Kosa ni la anayekuuzia hiyo kwa bei ya ile ya ardhini. Lazimisha neno "ya mgodini" au "ya maabara" liandikwe kwenye risiti.

Na jambo hili bibi zetu walilijua bila kusoma shule. Dhahabu ina mizani. Siku ya shida, mtoto yuko hospitali, unampelekea sonara bangili, anaipima, anakulipa kwa uzito, na unajua umepoteza ufundi tu. Almasi ndogo ya dukani ukiirudisha sokoni utapewa sehemu tu ya bei uliyolipa, pengine usipate mnunuzi kabisa. Basi anayekuambia almasi ni akiba, mwulize kama yeye yuko tayari kukurudishia fedha zako mwakani.

Kwa nini pia tusitazame mawe ya kwetu? Yule mtaalamu wa miamba, Campbell Bridges, aliliona jiwe la kijani Tanzania mwaka 1967, kisha akalipata Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikalitangaza kwa jina la tsavoraiti, kutokana na Tsavo yetu. Hata Kuranze, humu humu Kwale, limechimbwa. Kijani chake kwa kawaida ni cha asili, hakikupikwa kwa moto. Ni laini kuliko almasi, kwa hivyo mvaaji asilitwange kinuni wala kulisugulia sufuria. Wageni hupanda ndege kulifuata, nasi tulio jirani nalo hatulijui hata jina!

Lakini hapa pia nawaonya: jiwe lisinunuliwe kichochoroni wala ufuoni. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye kuuza madini awe na kibali. Mwombe akuonyeshe, na upewe risiti. Laiti mimi ningeomba risiti mwaka 1986.

Liko neno moja la mwisho ambalo vijana huliona aibu, nalo ndilo huleta kesi kwa wazee. Semeni mapema, mbele ya mashahidi: pete hii ni zawadi, ni kishika uchumba, au ni sehemu ya mahari? Uchumba ukivunjika, itarudi au haitarudi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haimlazimishi mtu kutimiza ahadi ya kuoa, ingawa aliyepata hasara anaweza kudai fidia. Lakini ni vyema kumaliza jambo ukumbini kabla halijafika mahakamani.

Juzi nilimwita mpwa wangu tena. Nilimweleza haya yote, na kisa cha pete yangu pia, ambacho hakuwa amekisikia. Kisha nikamwuliza, "Je, mchumba wako ameiona karatasi hii?" Alitazama chini. Binti huyo wa Msambweni ni mwalimu, ana akili zake, na mwisho wa mwezi ndiye atakayekuwa akigawa unga na kodi ya nyumba pamoja naye. Lakini hajui kwamba anatafutiwa deni.

Sahihi yangu bado sijaitia. Nimemwambia nitaitia siku watakapokuja wote wawili barazani, yeye na mchumba wake, kila mmoja akijua bei, riba na miezi ya kulipa. Wakisema kwa kinywa kimoja wanaitaka almasi, nitawadhamini, ingawa kwa moyo mzito. Wakisema pete nyembamba ya dhahabu yatosha, nitawapeleka mwenyewe kwa sonara. Lakini pete inayonunuliwa kwa deni la siri, hata jiwe lake liwe la kweli, mimi siidhamini. Nilikwisha kuivisha moja, na aliyeubeba uzito wake ni mke wangu.

Yangu ni hayo.