Ngare Nanyuki: Ardhi Ilipiganiwa, Maji Nayo Je?

Mtu akitoka Usa River, akaingia lango la Ngongongare na kuikata Hifadhi ya Taifa ya Arusha hadi lango la Momella, hutokea kwenye nchi nyingine kabisa. Migomba na kahawa za kusini mwa Mlima Meru zimebaki nyuma. Mbele ni vumbi, miiba na ng'ombe, na kando ya mifereji ni mashamba ya nyanya na vitunguu. Hapo ndipo Ngare Nanyuki. Jina lenyewe ni la Kimaasai, maana yake maji mekundu.

Jina hilo liliwahi kusikika New York. Novemba 1951, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka hapa ili walowezi wa Kizungu wapate eneo moja lisilokatika kati ya Meru na Kilimanjaro. Nyumba zilichomwa moto, watu wakaambiwa waende Kingori. Wengi walikataa, wakajibana kwa ndugu zao mlimani. Kisha wakachanga fedha, na mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa pamoja na mwanasheria Earle Seaton wa Bermuda. Azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, lakini dunia ilikwisha kusikia. Leo wanaolima nyanya pale ni Wameru na majirani zao.

Ardhi basi ilipata watetezi. Maji bado.

Pita shuleni wakati wa mapumziko uangalie watoto wakicheza. Mmoja akichekeshwa, kiganja hutangulia mdomoni kabla ya kicheko. Chini ya kiganja hicho kuna meno ya kahawia, mengine yamemomonyoka ncha. Kazi hiyo imefanywa na madini ya floraidi. Meru ni mlima wa volkano. Maji yanapopita katika miamba na majivu yake ya kale huyayeyusha madini hayo na kushuka nayo mitoni. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4, maana maji yenyewe yalikuwa haba. Mto Ngare Nanyuki hupita hata kiwango hicho.

Wako wanaosema hiyo ni alama ya watu wa Arusha, babu zetu walikunywa maji hayo hayo wakazeeka. Ni kweli walizeeka, lakini waulizwe pia kuhusu magoti na migongo yao. Floraidi ikizidi kwa miaka mingi huingia mifupani, viungo vikakakamaa, na mtoto anayekua akapinda miguu. Alama ya namna hii isikubaliwe kuwa urithi.

Wengine hudhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, na kuendelee. Lakini floraidi haitoki na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, madini yanabaki pale pale. Na mama anayetia magadi kwenye makande ili maharage yaive upesi huenda anaongeza floraidi nyingine juu ya ile ya mtoni. Mkono huo wa magadi na uzuiwe, hasa katika chungu cha watoto.

Dawa zipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kwa miaka mingi kimeonyesha jinsi mifupa ya ng'ombe iliyochomwa inavyochuja floraidi. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alipata tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi kwa chujio lake la maji. Serikali isiachwe ipumue: wajibu wa kuleta bomba la maji salama ni wake, na wananchi waudai bila kuchoka.

Hata hivyo, meno ya mtoto hayasubiri bajeti. Meno ya mbele ya ukubwani hujengeka kabla ya miaka minane hivi, yakishaharibika hayarudi. Kwa hiyo kinachohitajika haraka ni maji safi ya kunywa na kupikia tu. Kufua na kunywesha ng'ombe kuendelee na maji ya mto. Nyumba inayotumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba, inahitaji lita 3,000 hivi. Maji hayo yanaweza kukingwa kutoka kwenye mvua, kabla hayajapita katika miamba. Paa la bati la mita za mraba 40 hukinga karibu lita 400 kwa mvua ya milimita 10. Mvua nane za namna hiyo, simtanki la lita 3,000 limejaa.

Simtanki ni ghali kwa mkulima mmoja, hilo halibishaniwi. Lakini nauli ya kumpeleka mtu New York mwaka 1952 ilikuwa ghali zaidi, na haikutoka mfukoni mwa mtu mmoja. Vikundi vya vikoba, sharika na koo vichange hivyo hivyo, nyumba baada ya nyumba, vikianza na zenye watoto wadogo. Mvua ya kwanza iachwe ioshe bati, simtanki lifunikwe, maji ya kunywa yachemshwe.

Vuli hunyesha Novemba, mwezi ule ule ambao nyumba zilichomwa. Mabati tayari yako juu ya nyumba. Kinachokosekana ni gata, bomba la kushushia maji, na kikao cha kijiji cha kuamua nani aanze.