Pakiti ya teksicha haina setapu, msidanganyike

Testi zimekwisha, na siku hizi kila ukipita korido ya hosteli unasikia watu wanabishana kuhusu Minecraft. Safi sana, kichwa nacho kinahitaji kupumzika. Ila kuna jambo linanikera na leo nalisema wazi: watu wanalipia kusakinishiwa pakiti za teksicha. Jamaa anakuja na flashi, ndani yake kuna faili la setapu, anabofya, anakwambia uzime antivirusi kidogo, mashine inawaza wee, halafu anachukua hela ya chipsi na kuondoka. Mimi nasema hivi: pakiti ya teksicha haisakinishwi. Inawekwa tu kwenye folda, kama unavyoweka picha za mahafali. Anayekwambia tofauti ama hajui, ama anajua kupita kiasi.

Ngoja nieleze kwa nini nina uhakika. Karibu kila kitu kwenye Minecraft ni tofali, na kila upande wa tofali umebandikwa picha. Jiwe ni picha, udongo ni picha, mlango ni picha. Picha hizo, ndizo tunazoziita teksicha, ni faili za PNG za kawaida, na zile za mchezo wenyewe zina pikseli 16 kwa 16, yaani nukta 256 tu. Pakiti ni folda iliyobeba picha nyingine zenye majina yale yale. Mchezo ukihitaji picha ya jiwe unaangalia kwanza kwenye pakiti yako. Ukiikuta stone.png humo unaitumia, usipoikuta unachukua ya kwake. Hakuna uchawi mwingine hapo.

Sasa kuweka. Kwa wenye toleo la Java kwenye kompyuta: fungua mchezo, nenda Options, halafu Resource Packs, halafu Open Pack Folder. Folda itafunguka. Dondosha humo lile faili la zipu kama lilivyo, usilifungue. Rudi kwenye mchezo, utaiona pakiti upande wa kushoto, ihamishie kulia kwa mshale, bonyeza Done. Umemaliza! Ukiweka pakiti mbili, ya juu inaishinda ya chini. Nauliza tena, hapo fundi wa kulipwa ana kazi gani?

Najua mtasema, "Mbona mimi niliweka na haikutokea?" Mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni folda ndani ya folda. Ukiifungua ile zipu unatakiwa ukutane moja kwa moja na faili la pack.mcmeta na folda la assets. Ukikutana na folda moja peke yake, na hivyo vitu vimejificha ndani yake, mchezo hauvioni. Vitoe, vizipu upya, kwisha kazi. Ya pili ni umri. Ndani ya pack.mcmeta kuna namba inayosema pakiti ni ya matoleo gani ya mchezo. Ikiwa ya zamani mchezo unakuonya, ingawa unaweza kulazimisha. Tatizo ni kwamba kwenye toleo 1.13 la mwaka 2018 folda lililokuwa linaitwa blocks likawa block, na picha nyingi zikabadilishwa majina. Kwa hiyo pakiti ya mwaka 2015 inaweza kukubaliwa vizuri kabisa, halafu mawe yako yakabaki vile vile. Si virusi, si mashine mbovu. Ni majina hayalingani tu.

Na hapa ndipo mafundi wa flashi wanapopatia soko. Maelekezo ya zamani yamejaa mtandaoni na yanachanganya. Miaka ile ya mwanzo teksicha za matofali yote zilikuwa kwenye picha moja iitwayo terrain.png, na kuna watu waliokuwa wanalifungua faili la mchezo wenyewe na kubadilisha vitu humo ndani. Machi 2013, toleo 1.5 likagawa ile picha moja, kila teksicha ikawa na faili lake. Julai mwaka huo huo, toleo 1.6 likaleta jina la sasa la resource pack, kwa sababu pakiti zilianza kubeba na sauti na vitu vingine. Mtu akisoma maelekezo ya 2011 leo, lazima aone kama ni kazi ya injinia.

Tatizo langu kubwa si hela ya chipsi. Ni lile faili la setapu. Picha haiombi ruhusa ya adminstreta. Picha haitaki uzime antivirusi. Kitu kinachoishia na .exe au .jar ni programu, na programu ukishaiendesha inaweza kufanya yake. Tusisahau Juni 2023, kirusi kilichopewa jina la Fractureiser kilipopandikizwa kwenye modi za Minecraft zilizokuwa zinapatikana CurseForge, sehemu ambayo wachezaji wengi wanaiamini. Kilikuwa kinaiba taarifa za kuingilia akaunti na vidakuzi vya kwenye browza. Angalieni vizuri, zile zilikuwa modi, yaani programu kweli. Sasa mtu akikuletea pakiti ya picha lakini imevaa nguo za programu, hujiulizi imevaa ya nini? Kwenye laptopu hiyo hiyo kuna barua pepe yako, kuna nywila ulizohifadhi, kuna risachi ya mwaka wa tatu ambayo hujaiweka popote pengine. Ukipoteza hiyo, tofali la dhahabu linalong'aa litakusaidia nini?

Kuna wanaosema, "Mwache jamaa ale, naye anahangaika na ada." Namwelewa, sote tunahangaika. Wala sisemi kila mwenye flashi ni mwizi. Wengine walipewa faili hivyo hivyo na wao wanalisambaza tu. Lakini huko ndiko kunakotisha, kwamba linazunguka vyumba kumi na hakuna hata mmoja aliyefungua kuangalia kilichomo. Urafiki si antivirusi.

Halafu ugonjwa mwingine: kutaka pakiti kubwa. Mtu ana laptopu ya RAM ya kuungaunga anataka ya 512. Piga hesabu. Picha ya 16 kwa 16 ni nukta 256. Ya 512 kwa 512 ni nukta 262,144, mara 1,024 zaidi, kwa kila picha! Halafu mchezo ukikwama unalaumu chuo, umeme na serikali. Anza na 32, ni mara nne tu ya kawaida, macho yatafurahi na bando litabaki. Na wa simu, pakiti za Java haziingii kwenye Bedrock. Huko tafuta faili za.mcpack.

La mwisho, ndilo ninalolipenda zaidi. Ikiwa pakiti ni picha tu, basi yeyote kati yetu anaweza kutengeneza yake. Nukta 256 unazichora jioni moja kwa programu ya bure kama GIMP. Mwaka 2012 Mojang na UN-Habitat, ambao makao yao makuu yako Nairobi, walianzisha mradi wa Block by Block, watu wabuni maeneo ya wazi ya mitaa yao kwa kutumia Minecraft. Kama mchezo unaweza kubeba mtaa wa mtu halisi, kwa nini sisi tunajenga nyumba za ngome za Ulaya kila siku? Nataka kuona paa la makuti, ukuta wa matumbawe, mlango wa Unguja wenye nakshi, zulia lenye pindo la kanga. Yule jamaa wa flashi akichora hivyo, nitakuwa wa kwanza kumlipa, na kwa roho safi, maana hapo atakuwa ameuza kazi ya mkono wake.

Kwa hiyo wadau, kabla hujaweka, fungua zipu uone. Ukikuta picha, karibu. Ukikuta setapu, funga na umrudishie mwenyewe flashi yake.

Nawasilisha hoja. Mwenye ya kupinga aje nayo, tupo.